Kabla ya kuongeza kilomita, tupime mishipa: uzi kwa wakimbiaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Katibu wa Mbio, Mbeya

Wakuu, salaam. Katika kikao cha klabu yetu ya mbio hapa Mbeya limeletwa pendekezo kwamba kila mwanachama aliyefikisha miaka 40, kabla ya kuanza maandalizi ya nusu marathoni au marathoni kamili, alete majibu ya vipimo vya shinikizo la damu, sukari na lehemu (kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu), pamoja na maelezo mafupi kuhusu magonjwa ya moyo katika ukoo wake. Wajumbe wengi wamelipinga. Hoja yao ni moja, ingawa kila mmoja ameitoa kwa maneno yake: mtu anayepanda mlima Loleza bila kusimama, na ambaye mapigo ya moyo wake akiwa amepumzika hayazidi 50 kwa dakika, anapimwa nini tena? Nimeona hoja hiyo inastahili jibu refu, kwa sababu inaanzia kwenye jambo la kweli na kuishia mahali pa hatari.

Jambo la kweli ni kwamba mazoezi ya muda mrefu huubadilisha moyo. Mwaka 1899 daktari wa Sweden aitwaye Henschen, akitumia mbinu ya kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio wake, alieleza kwamba wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji kwa masafa marefu walikuwa na mioyo mikubwa kuliko watu wengine, na kwamba ukubwa huo ulitokana na kazi wala haukuwa ugonjwa. Vipimo vya leo vimemthibitisha. Vyumba vya moyo wa mkimbiaji hupanuka, kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, na kwa hiyo moyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Hata hivyo, yote hayo yanahusu msuli wa moyo. Hayatuambii chochote kuhusu mishipa ya koronari, yaani ile mishipa myembamba inayotambaa juu ya moyo wenyewe na kuulisha damu. Ugonjwa wa mishipa hiyo hujengeka kwa miongo mingi: lehemu huingia kwenye kuta zake, mwili hujaribu kuidhibiti, na pole pole hutokea utando wa mafuta ambao baadaye huingia chokaa. Sigara za ujanani, presha isiyotibiwa, kisukari na asili ya ukoo huuharakisha. Mazoezi hushusha presha, huboresha sukari na hupunguza mafuta ya tumboni, lakini utando uliokwisha kujengeka kwa miaka 20 hauondoki kwa sababu mtu amenunua viatu vya kukimbilia.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Jim Fixx, Mmarekani aliyechangia sana kuwaingiza watu wa kawaida wa nchi yake barabarani kukimbia katika miaka ya 1970. Alianza kukimbia akiwa na umri wa takriban miaka 35, akiwa mnene na mvutaji mkubwa wa sigara. Baba yake alikuwa amepata shambulio la moyo akiwa na umri huohuo wa miaka 35, na lingine likamuua akiwa na miaka 43. Fixx aliacha sigara, akapungua uzito na kukimbia kwa miaka mingi, mpaka Julai 20, 1984, alipofariki katika jimbo la Vermont akiwa mazoezini, na umri wake ulikuwa miaka 52. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba mishipa yake ya koronari ilikuwa imeziba kwa kiwango kikubwa. Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema kwamba mbio zilimuua. Mimi naona kwamba alimzidi baba yake kwa miaka tisa, na inawezekana kabisa kwamba mbio ndizo zilizompa hiyo miaka. Lawama yangu iko kwingine: mtu mwenye historia ya namna ile alipaswa kupimwa na kufuatiliwa, na uwezo wake wa kukimbia ndio uliowafanya watu wote, pamoja na yeye mwenyewe, waamini kwamba hakuna cha kutafuta.

Swali linalofuata huulizwa kila mara: inawezekanaje mtu mwenye mishipa mibovu akimbie kilomita 21 bila kusikia maumivu? Mnaosafiri kwenda Dar es Salaam mnaujua mlima Kitonga. Barabara ni nyembamba na malori huenda polepole, lakini huenda. Msafara husimama pale lori moja linapolala kwenye kona na kuziba njia zote mbili. Mshipa wa koronari hufanana na barabara hiyo. Hata upenyo wake ukipungua kwa nusu, bado unaweza kupitisha damu ya kumtosha mtu anayekimbia, hasa ikiwa moyo wake umezoea kufanya kazi kwa mapigo machache. Balaa hutokea utando unapopasuka, damu ikaganda pale palipopasuka, na ndani ya dakika chache njia yote ikafungwa. Utando unaopasuka mara nyingi si ule mkubwa uliokuwa ukimletea mtu maumivu, na ndiyo maana hata kipimo cha kukimbia kwenye mashine, ambacho hutafuta upungufu wa damu wakati wa kazi, kinaweza kutoa majibu mazuri kwa mtu mwenye ugonjwa. Kumaliza mbio ni kipimo dhaifu zaidi ya hicho.

Nisieleweke vibaya kuhusu ukubwa wa hatari. Watafiti wa Marekani waliofuatilia marathoni na nusu marathoni kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 walihesabu washiriki milioni 10.9, na miongoni mwao ni 59 tu ambao mioyo yao ilisimama. 42 kati ya hao walifariki. Waliporudia kazi hiyo kwa miaka ya 2010 hadi 2023, kwa washiriki zaidi ya milioni 29, mioyo iliyosimama ilikuwa 176 na vifo 59. Yaani kiwango cha mioyo kusimama hakikubadilika sana, ila kiwango cha vifo kilishuka kwa takriban nusu, kwa sababu waliosimama kando ya barabara walijifunza kuukandamiza moyo na mashine za kuushtua zilikuwa karibu. Katika utafiti huo wa pili, sababu iliyoongoza ilikuwa ni ugonjwa wa mishipa ya koronari.

Ninayemhofia hasa si mkimbiaji wa siku zote. Ni bwana wa miaka 46 anayekaa ofisini, aliyevuta sigara mpaka juzi, ambaye idara yake imenunuliwa fulana za mbio na mkuu wake ametangaza kwamba wote watashiriki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba katika muda mfupi baada ya kazi nzito ya mwili, uwezekano wa shambulio la moyo ulipanda zaidi ya mara 100 kwa watu wanaofanya kazi ya namna hiyo chini ya mara moja kwa wiki, wakati kwa waliozoea mara tano au zaidi kwa wiki ulipanda mara 2.4 tu. Ongezeeni hapo asubuhi zetu za Juni na Julai, ambapo baridi hubana mishipa na kupandisha presha, na vilima ambavyo havina huruma. Karibuni tujadili.

Mkazi wa Gangilonga, Iringa

Katibu, nakushukuru kwa maandishi yaliyotulia, lakini nadhani umeacha upande mmoja wa habari. Nimesoma kwamba wakimbiaji wa masafa marefu hukutwa na chokaa nyingi zaidi kwenye mishipa ya moyo kuliko watu wasiokimbia. Kama ni kweli, basi tatizo si sigara za zamani peke yake. Mbio zenyewe zinashiriki. Usitufiche.

Katibu wa Mbio, Mbeya

Ndugu yangu wa Gangilonga, sifichi. Niliogopa uzi kuwa mrefu kupita kiasi, na sasa utakuwa mrefu.

Habari hiyo ilianza kupata uzito mwaka 2008, pale watafiti wa Ujerumani walipowapima wanaume 108 waliozidi miaka 50, ambao kila mmoja alikuwa amemaliza marathoni zisizopungua tano katika miaka mitatu. Walipowalinganisha na wanaume wengine wenye umri na vihatarishi (kama presha, sigara na lehemu) vinavyofanana, wakimbiaji wenye chokaa ya alama 100 au zaidi katika kipimo cha CT (picha za eksirei za ndani ya mwili) walikuwa asilimia 36, na wale wengine asilimia 22. Mwaka 2017 watafiti wa London nao walipima wanamichezo wa umri wa kati na uzee ambao hawakuwa na vihatarishi vya kawaida, wakakuta utando kwenye asilimia 44 ya wanaume wanamichezo dhidi ya asilimia 22 ya wasiofanya mazoezi. Lakini utando wa wanamichezo ulikuwa zaidi wa aina ngumu iliyojaa chokaa, ambayo huaminika kuwa imetulia na haipasuki kirahisi, na wengi wetu tukapumua.

Pumzi hiyo ilikatizwa mwaka 2023 na utafiti wa Ubelgiji. Huko wanamichezo wa maisha yote walilinganishwa na watu wenye afya nzuri na maisha safi ambao hawakimbii masafa marefu, na wanamichezo wakakutwa na utando mwingi zaidi, ukiwemo ule laini. Kwa hiyo ile faraja kwamba utando wetu wote ni wa aina iliyotulia haina msingi imara tena.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna utafiti wa Dallas wa mwaka 2019, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 21,000. Waliofanya mazoezi mengi mno walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na chokaa, ila hawakufa zaidi ya wenzao wenye chokaa ya kiwango kilekile waliofanya mazoezi machache. Kwa nini chokaa iongezeke, bado wataalamu wanabishana: wengine wanataja presha inayopanda kwa saa nyingi wakati wa mbio, wengine msukosuko wa damu kwenye kona za mishipa, wengine chakula cha wakimbiaji wanaojiona wameruhusiwa kula chochote. Hiyo ya mwisho naiona kila Jumamosi baada ya mazoezi, sahani za chipsi mayai zikipangwa mezani kana kwamba kilomita 15 zimeyeyusha kila kitu.

Msimamo wangu ni kwamba habari hizi haziwapi ruhusa wanaotaka kubaki kwenye kochi. Zinachofanya ni kuiondoa ile dhana kwamba mkimbiaji anaweza kusamehewa kipimo. Ikiwa mtu wa kawaida mwenye lehemu ya juu anashauriwa kuishusha, mkimbiaji mwenye lehemu ileile ashauriwe hivyohivyo, na daktari akimwandikia dawa aimeze, wala asijibu kwamba yeye anakimbia.

Muuguzi wa Zamu, Iringa

Nafanya kazi katika kitengo cha dharura, na ninapenda kuongeza yale tunayoyaona mlangoni. Wengi wanaoletwa wakiwa wamezidiwa hawakuanza kuumwa siku ile. Ukikaa na ndugu, utasikia kwamba mgonjwa alikuwa na maumivu ya katikati ya kifua yanayokuja anapopanda kilima na kuisha anaposimama, na kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo. Nawaombeni wakimbiaji mlizingatie hili: kiungulia hakina kawaida ya kufuata mwendo wa mbio. Maumivu, mgandamizo au uzito wa kifua unaokuja na juhudi na kuondoka na mapumziko, hata ukisikika kwenye taya, bega au mkono wa kushoto, ni wa moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vivyo hivyo pumzi inayokatika kwenye kilima ulichokuwa ukikipanda kwa urahisi mwezi uliopita, na mapigo yanayokwenda mbio bila mpangilio.

Kuhusu kuzimia, tofautisheni. Mtu akimaliza mbio, akasimama ghafla na kuona giza, mara nyingi damu imebaki miguuni. Alazwe na miguu iinuliwe, kisha achunguzwe. Mtu anayeanguka katikati ya mbio, huku bado anakimbia, huyo hapaswi kurudi mazoezini hata siku moja kabla ya kuonwa na daktari wa moyo.

Na anapoanguka, jamani, tuacheni vijiko na vitunguu. Moyo unaposimama, mwili unaweza kutikisika kwa sekunde kadhaa kama wa mtu mwenye kifafa, na anaweza kuvuta pumzi za kukoroma zinazoachana, ambazo si kupumua. Kama haitikii na hapumui kawaida, mmoja apige simu ya msaada, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, wakipokezana wanapochoka. Kila dakika inayopita bila mashine ya kuushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na kukandamiza kifua hupunguza kasi ya upotevu huo. Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani mjini Copenhagen Juni 12, 2021, mbele ya dunia nzima. Alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa mashine, akapona, na baada ya kuwekewa kifaa maalumu mwilini alirudi kucheza mpira wa ushindani.

Nitagusa na hili ingawa ni nyeti. Kijana mwenye nguvu akifa ghafla huku kwetu, msiba hugeuka haraka kuwa kesi ya kumtafuta aliyemtupia. Siwabezi wafiwa. Lakini familia inayofunga jambo kwa namna hiyo huwa haiwapeleki kaka na dada wa marehemu kupimwa, na baadhi ya magonjwa hayo ni ya kurithi.

Mwalimu wa Michezo, Makambako

Muuguzi amefungua mlango niliokuwa nautafuta. Mimi nafundisha sekondari na huandaa wanafunzi kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wanafunzi wangu hawana lehemu wala sigara. Je, uzi huu unawahusu?

Muuguzi wa Zamu, Iringa

Unawahusu, Mwalimu, ila kwa ugonjwa tofauti. Chini ya umri wa miaka 35 sababu kubwa hubadilika na kuwa maradhi ya kuzaliwa nayo au ya kurithi. Mojawapo ni unene usio wa kawaida wa msuli wa moyo, ambao uchunguzi ulimkuta nao Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani mjini Lyon Juni 26, 2003 na kufariki. Mengine yanahusu umeme wa moyo, na moyo wenyewe ukitazamwa huonekana mzima.

Kwetu kuna jingine ambalo vitabu vya wanariadha wa Ulaya hulitaja kwa haraka tu, nalo ni ugonjwa wa valvu unaotokana na maambukizi ya koo. Mtoto huumwa koo, anapewa maji ya chumvi, anapona. Lakini kinga ya mwili wake iliyoamshwa na bakteria wale hugeuka na kushambulia viungo na valvu za moyo, na jambo hilo likijirudia valvu huharibika. Miaka inapita, anakuwa kijana mwenye mbio, kisha anaanza kubaki nyuma na kuambiwa mvivu. Mwanafunzi anayechoka kuliko wenzake bila sababu, au aliyewahi kuvimba viungo kwa kuhamahama na homa, mpeleke asikilizwe moyo na afanyiwe ultrasaundi ya moyo, ile ambayo hospitalini huitwa eko. Akigundulika mapema, sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne humkinga asiharibikiwe zaidi.

Kuhusu homa kwa ujumla: mwenye homa asikimbie. Virusi vingine vya mafua hushuka mpaka kwenye msuli wa moyo, na kuulazimisha msuli uliovimba kufanya kazi nzito ni kuuchokoza uvuruge mapigo. Aliyethibitika kuwa na uvimbe huo hupumzishwa michezo kwa miezi mitatu hadi sita.

Mzee wa Rungwe

Nina umri wa miaka 64 na nimekimbia tangu jeshini. Sina presha, sina sukari, sijawahi kuvuta. Miezi ya karibuni, jioni nikiwa nimekaa, moyo huanza kurukaruka kifuani bila mpangilio kwa saa nzima kisha unatulia. Nikikimbia sisikii kitu. Vijana, hilo mnalitia katika fungu gani?

Katibu wa Mbio, Mbeya

Shikamoo mzee wetu. Unayoyaeleza yanafanana na mvurugiko wa mapigo wa vyumba vya juu vya moyo, ambavyo badala ya kusukuma damu hutetemeka tu. Ni tatizo linalowapata wakimbiaji wa miaka mingi kuliko inavyotarajiwa, hasa wanaume. Kule Sweden kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji yaitwayo Vasaloppet, ya kilomita 90, na watafiti waliowafuatilia washiriki zaidi ya 52,000 walieleza mwaka 2013 kwamba waliomaliza mara nyingi zaidi, na waliokuwa na kasi kubwa zaidi, walipata mivurugiko ya mapigo zaidi ya wenzao. Inadhaniwa kwamba vyumba vya juu vilivyopanuka kwa mazoezi ya miongo mingi ndivyo vinavyotoa nafasi kwa umeme wa moyo kupotea njia.

Kwa kawaida tatizo hilo haliui mtu akiwa njiani. Hatari yake ni damu kutuama ndani ya vyumba hivyo, ikaganda, na bonge likasafiri mpaka kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo, mzee, usisubiri lijirudie. Nenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, na kama linatokea wakati wowote ukiwa karibu na hospitali, ingia hapohapo ili linaswe likiwa linatokea; kipimo kikifanyika moyo ukiwa umetulia kinaweza kuwa safi. Kama utahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, hilo ataliamua daktari.

Mama wa Mafinga

Wote mnaozungumza humu mnatoa mifano ya wanaume. Wanawake tumejaa kwenye hizo mbio, na nadhani tumezidi kuongezeka. Sisi tuko salama?

Muuguzi wa Zamu, Iringa

Dada, takwimu zinawapendelea, kwani katika tafiti zote mbili za Marekani alizozitaja Katibu waliosimama moyo walikuwa wanaume kwa wingi mno. Lakini kuna swali moja linalowahusu wanawake tu, ambalo fomu nyingi hulisahau: je, uliwahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba? Aliyepata hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa presha na ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Pia shambulio la moyo kwa mwanamke linaweza kujionyesha kwa uchovu usioelezeka, kichefuchefu na kukosa pumzi zaidi ya maumivu makali ya kifua.

Mkazi wa Gangilonga, Iringa

Nimekubali sehemu kubwa. Ninabaki na swali la fedha na la manufaa. Mkianza kudai vipimo, mtawafukuza wale hasa wanaohitaji kukimbia. Na je, kuna mahali ambapo kupima wanamichezo kumeokoa watu?

Katibu wa Mbio, Mbeya

Italia iliweka sheria mwaka 1982 kwamba kila mwanamichezo wa mashindano apimwe, pamoja na umeme wa moyo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, miaka ya 1979 na 1980, hadi 0.4 miaka ya 2003 na 2004. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaotetea upimaji. Kwa haki lazima niseme kwamba Israeli ilipoweka sharti kama hilo mwaka 1997, watafiti hawakuona vifo vikipungua. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba kipimo cha umeme wa moyo kwa kila mtu kitaleta muujiza, na ndiyo maana pendekezo letu halikidai.

Tunachodai ni kidogo. Presha hupimwa katika zahanati yoyote, kwa dakika tano. Sukari ni tone la damu. Lehemu inahitaji maabara, nayo ndiyo ghali kuliko mbili za kwanza, ila haihitaji kurudiwa kila mwezi. Maswali ya ukoo ni bure: je, mzazi, kaka au dada yako alifariki ghafla au alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 50 au 55? Umewahi kuzimia ukiwa katika juhudi? Kuna maumivu ya kifua yanayofuata mwendo? Ulivuta sigara kwa muda gani? Atakayejibu ndiyo katika lolote, au ambaye vipimo vyake vimepanda, ndiye atakayeombwa aonane na daktari kabla ya kuongeza kilomita, na daktari ndiye atakayeamua kama kuna haja ya umeme wa moyo, eko, kipimo cha mashine ya kukimbilia, au rufaa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Kipimo cha CT cha mishipa ya koronari ni cha hatua ya mbali, na mtu asikikimbilie kwa sababu jirani amekifanya. Katika kipindi cha kusubiri, anaruhusiwa kutembea nasi, kwa sababu hatutaki mtu arudi kwenye kochi.

Na yule bwana wa fulana za idara atapewa ratiba ya miezi minne badala ya wiki sita, akianza kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana kwenye tambarare, huku vilima vikiachwa mpaka mwezi wa tatu. Hili naona lina uzito kuliko vipimo vyote nilivyovitaja.

Mwalimu wa Michezo, Makambako

Kwa ruhusa yenu nitaichukua fomu hiyo na kuipunguza kwa ajili ya wanafunzi: niondoe lehemu, niongeze swali la koo na la viungo kuvimba. Muuguzi, kama una nafasi, nakuomba uniandikie maneno ya maswali hayo mawili kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini ataielewa bila mimi kuwepo.

Muuguzi wa Zamu, Iringa

Andika hivi, Mwalimu: "Je, mtoto huyu huumwa koo mara kwa mara, pamoja na homa?" Na la pili: "Je, aliwahi kuvimba goti, kifundo cha mguu au kiwiko, likapona hilo na kuhamia jingine?" Mzazi akijibu ndiyo kwa la pili, mpeleke mtoto asikilizwe moyo bila kusubiri jibu la kwanza.